Baridi inakaribia, na mama mkwe hataki tulale chumba kimoja

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nimeshika kalamu kwa sababu asubuhi nimekuta umande umeganda kwenye kioo cha dirisha la jikoni, na moyo ukanienda mbio. Majira ya baridi ndiyo haya yanabisha hodi, na nyumbani kwetu hatujakubaliana hata jambo moja.

Tuko watu watano: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka 6, mdogo wake wa miezi 7, na mama mkwe wangu mwenye miaka 74. Mama ana kisukari na anadunga insulini kila siku. Nyumba ni ya kupanga, ya zamani, na madirisha yake yana kioo kimoja tu. Joto lote tunalipata kwa hita za umeme. Umeme ukikatika hatuna kitu.

Mwaka jana ulikatika Ijumaa jioni katikati ya dhoruba ya theluji, ukarudi Jumapili asubuhi. Usiku wa kwanza tulijikaza. Usiku wa pili, kama saa nane hivi, nikaenda kumwangalia mama chumbani kwake. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa koti la mwanawe, anajaribu kulifunga vifungo. Vidole havikumtii. Anakishika kifungo, kinamponyoka, anakitafuta tena. Glasi ya maji aliyoiacha dirishani ilikuwa imeshafanya utando wa barafu juu. Nikamwomba aje chumbani kwetu tujikusanye. Akakataa. Aliniambia, "Mwanangu, siwezi kulala chumba kimoja na wewe na mumeo. Kama ni kufa, nife na heshima yangu." Maneno hayo bado yamenikaa kooni.

Mume wangu alipomwona mama yake vile, akaliwasha jiko la mkaa nje, akasubiri moshi uishe, kisha akaliingiza sebuleni. Alisema mkaa ukishakuwa mwekundu hauna madhara. Tukajikusanya pale sote, hata mama alikuja. Baada ya kama saa moja kichwa kikaanza kunigonga, na mtoto mkubwa akasema anataka kutapika. Nikafungua mlango na madirisha, nikalibeba jiko nikalitoa nje kwa hasira. Joto lote likaondoka. Mume wangu akaniambia, mbele ya mama yake, kwamba nataka kuwaua kwa baridi. Tangu anioe hajawahi kunitamkia neno zito kama lile.

Sasa tuna akiba kidogo, kama mshahara wa wiki mbili. Yeye anataka kununua jenereta ndogo, na kinachopungua akope kwa rafiki yake. Mimi nataka mapazia mazito, vitu vya kuzibia nyufa na mablanketi. Deni naliogopa, kwa sababu hata lile la wakati najifungua hatujalimaliza. Tukianza kubishana mama ananyanyuka taratibu, anaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Je, nimwachie mume wangu anunue anachotaka ili nyumba itulie? Na huyu mama, nimlazimishe? Wakati mwingine najiona kama mimi ndiye mwenye roho ngumu humu ndani. Nisaidie, Shangazi.

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye vifungo. Mtu mzima akishindwa kufunga kifungo kwa baridi, mwili wake unasema umefika mbali. Ulifanya vyema kwenda kumwangalia usiku ule. Wengi wangelala.

Kabla ya mengine, turudi kwenye lile jiko, maana hapo sina cha kupima huku na huku. Kichwa kilichokuuma na kichefuchefu cha mtoto ni dalili za hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na haiwashi macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu hujishika kwenye ile nafasi inayobeba oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo mtu anapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu hewa hiyo unaendelea kuitoa hadi unazimika. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mumeo alisubiri moshi uishe kwa nia njema, na watu wengi wema wamefanya hivyohivyo. Lakini hukuwaua kwa baridi, mwanangu. Inaelekea uliwaokoa. Ukimwambia haya, mwambie mkiwa wawili, na uanze kwa kusema unajua alichokuwa anajaribu kukifanya.

Basi nikuelewe vizuri. Unaniuliza kuhusu jenereta na mapazia, lakini ndani ya barua naona mambo matatu yamefungwa fundo moja. Kuna baridi yenyewe. Kuna deni. Na kuna haya ya watu wazima kulala karibu karibu. Mkiyazungumza yote kwa pamoja hamtafika, kwa sababu wewe ukitaja deni yeye anasikia kwamba hujali mama yake, na yeye akitaja jenereta wewe unasikia kwamba hajali usiku wako wa kukosa usingizi.

Nianze na mumeo. Umeniandikia kwamba anasema hiki na anataka kile. Hujaniandikia anaogopa nini. Mwanaume aliyemwona mama yake anapapasa kifungo gizani, kisha joto alilolileta likatupwa nje mbele ya macho yake, huenda anatafuta zaidi ya mashine. Huenda anatafuta usiku ambao hatajiona ameshindwa tena. Sijui kama ndivyo. Wewe ndiye unayelala naye. Lakini ungemuuliza, pasipo kutaja bei ya kitu chochote, ni nini kilichomuuma zaidi usiku ule.

Halafu mama. Umesema hataki kulala nanyi, na umeuliza kama umlazimishe. Soma tena barua yako mwenyewe. Jiko lilipowekwa sebuleni, alikuja. Alikaa na wewe, na mumeo, na wajukuu. Alichokikataa ni chumba chenu cha kulala. Je, kuna mtu amewahi kumuuliza, mchana, akiwa na joto na akili imetulia, angependa mambo yaweje? Mtu anayeulizwa saa nane usiku akitetemeka hujibu kwa kile kidogo kilichobaki mkononi mwake, na kwake kilichobaki kilikuwa heshima. Hata kule kunyanyuka na kufunga mlango mnapobishana, wewe unaona kimya. Yeye labda anasikia kwamba yeye ndiye mzigo unaogharimu.

Sasa jenereta, maana inastahili kupimwa kwa haki. Si wazo baya. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani ana sababu ya kutaka umeme wa akiba. Lakini kaeni mezani na hesabu hii: hita moja ya kawaida hula wati 1,500 hadi 2,000. Jenereta ndogo ya wati 1,000 haiwezi kuiwasha. Itawapa taa, simu, friji kwa zamu, na blanketi la umeme ambalo hula wati 100 hivi. Kwa hiyo mkikopa mkitegemea kupasha nyumba nzima, deni litabaki na baridi itabaki. Mkiinunua kwa ajili ya taa na blanketi la mama, hilo ni jambo lingine, na linawezekana. Ila uliza naye: mafuta yatahifadhiwa wapi, na nani atatoka kuongeza usiku katikati ya theluji? Isikae ndani kamwe, wala barazani, wala chini ya dirisha. Inatakiwa iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, bomba la moshi likitazama mbali na nyumba, maana hutoa hewa ileile ya mkaa. Na isichomekwe kwenye soketi ya ukuta ili ilishe nyumba. Umeme hurudi hadi kwenye nyaya za barabarani na unaweza kumuua fundi anayehangaika kuwarudishia ninyi umeme. Kama nyumba yenu haina uwanja wa kuiweka hivyo, hapo mazungumzo yenyewe yatakuwa yamebadilika.

Ipo pia njia ya kati, ya betri kubwa ya kuchaji mapema. Haitoi moshi, inakaa ndani, inaweza kuendesha blanketi la umeme saa kadhaa. Haitafika siku mbili. Ya wastani ni nyepesi kwa mfuko kuliko zile kubwa kabisa zinazotangazwa, lakini si bure.

Mapazia yako na mablanketi nayo yana ukomo wake, na nisingependa ujidanganye. Kuziba nyufa hakuzalishi joto. Kunazuia lililopo lisikimbie. Nyumba iliyozibwa vizuri itapoa polepole, lakini umeme ukikosekana siku mbili bado itapoa. Ndiyo maana nikakuuliza moyoni: kwa nini upashe vyumba vitatu? Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100, kama ile balbu ya zamani. Watu wazima watatu na watoto wawili kwenye chumba kimoja kidogo ni hita inayopumua, na haihitaji waya.

Hapa ndipo ningekaa zaidi kama ningekuwa wewe, kwa sababu hapa pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Chagueni chumba kimoja, chenye madirisha machache na, ikiwezekana, upande unaopigwa na jua. Naona sebule inajileta yenyewe, kwa kuwa mama ameshaikubali kwa miguu yake. Siku yenye upepo, lowesha kiganja upitishe polepole kuzunguka fremu za dirisha na chini ya mlango. Pale ngozi inapopata ubaridi wa ghafla ndipo joto linapotoroka. Nyufa za fremu zinazibwa kwa ule mkanda wa sponji wenye gundi. Chini ya mlango inatosha suruali kuukuu: kata mguu mmoja, ujaze matambara, shona ncha zote mbili. Kwenye kioo bandika nailoni angavu kwenye fremu ili ibaki nafasi ya hewa kati yake na kioo, maana hewa iliyonaswa ndiyo inayozuia baridi. Pazia zito lifungwe kabla jua halijazama na lifunguliwe jua linapogonga kioo. Ukifanya hivi chumba kimoja tu badala ya vitatu, akiba yenu itabaki na kitu.

Sakafu nayo hunyonya joto la aliyelala kimya kimya. Godoro likiwekwa chini, tandika kwanza maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, tabaka mbili tatu, kisha zulia, kisha godoro. Watu hurundika mablanketi juu na kusahau kwamba baridi inatokea chini.

Na ile haya ya mama, ya kulala karibu nanyi? Fungeni kamba kona moja, mtundike shuka mbili zizunguke kitanda chake. Atakuwa na chumba chake ndani ya chumba. Na shuka zile hazimpi faragha tu, zinabakiza joto la mwili wake karibu yake, kama kihema. Watu wa zamani waliolala kwenye vitanda vyenye mapazia walilijua hilo. Pengine atakataa bado. Pengine atataka alale na mjukuu mkubwa upande wake, na ninyi upande wa pili. Au atasema yeye abaki chumbani kwake na ninyi mhamie humo. Mwache achore mwenyewe. Ukimpangia kila kitu hadi pazia, atakubali kwa mdomo na usiku atarudi kwake.

Chumba kilichozibwa kina hatari zake pia. Pumzi za watu watano zina maji mengi, na maji hayo hutulia kwenye kioo na kuta, kisha kuvu huota. Fungua dirisha dakika chache asubuhi, futa kioo kwa kitambaa. Na kwa kuwa mmeziba, chochote kinachowaka kwa mkaa, mafuta ya taa au gesi kisiingie humo kabisa. Mishumaa na mapazia na watoto havikai pamoja, tumieni tochi. Mkiamua kununua jenereta, au kama lile jiko bado lipo nyumbani, basi king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri kitangulie vitu vyote kwenye orodha, kwangu mimi hata kabla ya blanketi.

Mtoto wa miezi 7 ana mambo yake. Najua mkono wa mama unavutwa kumrundikia mablanketi, ila kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja blanketi lililo huru linaweza kumfunika uso. Mvalishe nguo tabaka kwa tabaka na mfuko wa kulalia unaomtosha, alale sehemu yake mwenyewe karibu yenu, si katikati ya watu wazima waliojifunika mablanketi mazito. Usimpime joto kwa mikono, maana vidole vya watoto hupoa haraka. Mguse shingoni nyuma au kifuani.

Kuhusu mama, nina wasiwasi na ile dirisha alipoacha glasi. Kama maji yaliganda pale, insulini ingeganda pia, na insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana salama. Umeme ukikatika msiiweke dirishani wala nje kwenye theluji. Iwekwe kwenye kikasha kilichofungwa nguo, kwenye chumba mnachokaa, na muulizeni mfamasia ile anayotumia hukaa siku ngapi nje ya friji. Aina nyingi hukaa kama wiki 4 zikishaanza kutumika. Jambo la pili, wenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi hawahisi vizuri miguuni. Chupa ya maji ya moto inaweza kumuunguza asijue. Ifungeni kwa taulo, ipashe kitanda kwanza, kisha iondolewe kabla hajapanda. Hata blanketi la umeme, kwa miguu isiyohisi, ningeuliza daktari wake kwanza. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018, lilisema joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18, na kwa wazee na watoto huenda likahitaji kuwa juu zaidi. Kipimajoto cha ukutani kitawasaidia msibishane kwa hisia. Na ukimwona mama ameacha kutetemeka huku bado ana baridi, anachanganya maneno au anasinzia ovyo, hilo si la kusubiri asubuhi. Ni la kuita msaada wa dharura papo hapo.

Mabomba, kwa kifupi: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na bomba hupasuka. Jueni vali kuu ya kufungia maji iko wapi, acheni bomba moja lidondoshe matone usiku wa baridi kali, na jazeni madumu mapema. Mwenye nyumba mwandikieni sasa kuhusu fremu zilizolegea, kabla mafundi hawajashikika. Na ulizeni shirika la umeme kama lina orodha ya nyumba zenye wagonjwa. Baadhi huwa nayo.

Umesema unajiona mwenye roho ngumu. Mimi naona mtu aliyebeba jiko lenye makaa kwa mikono yake saa tisa usiku, akatukanwa, na miezi yote hii hajarudisha tusi. Sitakuambia mnunue nini. Mume wako ana sauti kwenye akiba hiyo, na mama ana sauti kwenye usiku wake. Ninachoweza kukupendekezea ni jaribio. Chagueni jioni moja mwisho wa wiki, kabla baridi haijakaza. Zimeni swichi kuu saa kumi na mbili, mkae sebuleni hadi saa nne mmevaa na mmetandika kama ndiyo usiku wenyewe. Mtaona wapi upepo unaingia, nani miguu yake inapoa kwanza, tochi ipi haina betri. Mumeo aandike kinachokosekana. Orodha atakayoiandika yeye mwenyewe gizani itakuwa nyepesi kuijadili kuliko ile uliyonayo wewe kichwani.

Lakini siku chache kabla ya hapo, mchana, kaa na mama mkiwa wawili. Mwambie mnaandaa sebule kwa ajili ya baridi na unataka yeye aanze kuchagua kona. Ukiniandikia tena, niambie alichagua ipi.

Shangazi yako